Lumbesa Iliyoushinda Mkono wa Roboti

Mdogo wangu Sara,

Makambako ni baridi na ukungu, nami, niliyekuja kuandika habari ya gazeti, nimechanganyikiwa. Mwanafunzi wa chuo aitwaye Tulia ametengeneza mkono wa roboti wa kupakia viazi. Leo lazima atume makala yake ya utafiti, la sivyo hahitimu mwaka huu. Mbele yangu, sokoni, mkono uliinua vizuri gunia alilolijaza yeye mwenyewe kwa kipimo halali. Ulipopewa lumbesa, ile yenye kilima cha viazi juu ya mdomo wa gunia, ukaiangusha.

Akili mnemba inayomsaidia kuandika iliiondoa lumbesa kwenye makala, ikieleza kwamba imepigwa marufuku. Kwa hiyo, ikaandika, mkono umefaulu.

"Marufuku ni kweli," mpakiaji mmoja aliyetusikia akacheka. "Sasa dada, nionyeshe hapa gunia la mkulima ambalo siyo lumbesa."

Tulitafuta, tukakosa.

"Kaka mwandishi, nimefaulu au nimefeli?" Tulia akauliza.

Akaongeza mwenyewe sentensi moja kwenye makala, akaituma: "Roboti hii inabeba magunia ambayo sokoni Makambako hayapo."

Mpe mama shikamoo yangu. Nimewakumbuka sana.

Kaka yako,
Anania