Lenzi Ndefu na Cheti cha Kitindamimba

Jumatatu, 4 Novemba

Lenzi ndefu imegoma. Si kwamba imevunjika — imegoma, kama mtu mzima aliyenuna. Nabonyeza ishike fokasi, inanguruma kidogo, inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, halafu inatulia kwenye ukungu mtupu. Nimeijaribu kwa kila kitu humu studio: stuli, pazia, mwavuli wa taa, mteja wa pasipoti. Mteja akauliza kama uso wake una kasoro. Nikamwambia hapana, ni lenzi. Hakuniamini. Akaenda kunawa.

Na Jumamosi ni mahafali! Binti yangu kitindamimba anapokea cheti cha uuguzi. Sisi wazazi tunakaa nyuma kabisa, hakuna kusogea mbele, kwa hiyo bila lenzi hii sina changu. Baba watoto yuko njiani na lori, hapati ruhusa. Ameomba kitu kimoja tu: picha ya mtoto wake ameshika cheti, na cheti chenyewe kisomeke. Ya kaka yake, alipohitimu, niliiharibu. Kipaza sauti kilitoka safi hadi vitundu vyake, mtoto ukungu. Maskini mume wangu kaibandika kwenye lori hivyo hivyo. Anawaambia watu mwanangu ni yule aliye nyuma ya kipaza sauti.

Mwaka huu sikubali. Sikubali!

Jumanne, 5 Novemba

Nimeichomoa lenzi, nimesugua vile vibati vya dhahabu vinavyogusana na kamera kwa kifutio cha penseli. Nikapuliza. Nikamwomba Mungu. Nikairudisha. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, ukungu.

Nikavua kioo cha kinga cha mbele, kile cha bei ya kutupa. Wapi!

Nikaipeleka kwa fundi wa kamera, yule tunayemwita Daktari. Hata hakuifungua. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akasema mota imekufa, niiache. Niiache mpaka lini? Mpaka vipuri vije. Vinatoka wapi? Akatazama dari. Nikachukua lenzi yangu nikaondoka. Daktari gani anatangaza kifo bila kumvua mgonjwa hata shati?

Kitindamimba kanikuta nimefura jikoni. Akasema nisijitese, mtu atampiga picha kwa simu. Kwa simu! Kutoka kule nyuma? Atatoka sisimizi aliyevaa joho. Nimemwambia anyamaze ale.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimetukanwa, na sijawahi kufurahi hivi tangu mwezi uanze.

Asubuhi nilitoka kibarazani, nikaelekeza lenzi ng'ambo ya barabara, kwenye nguo zilizoanikwa, nikapiga. Sikuzichagua, ndizo zilizokuwepo. Kidogo tu, mlango unagongwa kwa ngumi. Mwalimu wa hesabu anayekaa jengo la pili, mtu wa miraba minne, anatweta. Kwa nini napiga picha bukta zake? Nimetumwa na nani? Nikasema napima lenzi. Akasema lenzi hazipimwi kwa bukta za watu. Anataka picha ifutwe, na ifutwe mbele ya macho yake.

Haya. Nikaifungua, nikaikuza kwenye skrini ili aone ninachofuta. Mungu wangu! Safi! Kila uzi! Nikapiga ukelele: "Mwalimu, tazama! Hata kiraka kinaonekana! Hata mshono ulioachia, huu hapa!" Hasira zake nilishazisahau, nimemshika mkono. Yeye alikuwa ametoa macho tu. Akasema taratibu, "Futa, mama. Futa." Nikafuta. Akaondoka bila kuaga, mimi nacheka peke yangu mlangoni.

Kwa hiyo mota haijafa! Mbali inaona, karibu haioni. Kwa nini?

Jioni. Nimejua. Ni tepu! Wiki iliyopita nilibandika tepu nyeusi ya fundi umeme juu ya swichi za ubavuni mwa lenzi, maana kila nikiinama kwenye harusi zinasuguana na mkoba wa kiunoni, zinahama zenyewe. Leo nimeibandua. Kumbe moja ilishahama kabla sijaifunga! Ile inayoiambia lenzi iangalie vya mbali tu, vya karibu iviache. Nami siku mbili nzima naikazania itazame stuli! Inatii amri, mimi naitukana. Nimeifungua swichi, nimepiga stuli: safi. Nikaiomba lenzi radhi, kwa sauti kabisa. Kitindamimba alikuwa anapita. Akageuka akarudi alikotoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilishangilia mapema mno.

Nimemvalisha Kitindamimba joho, nimemsimamisha mwisho wa korido ya jengo letu, taa hafifu kama za ukumbini. Nabonyeza. Mbele, nyuma, ukungu. Nilitaka kulia! Swichi iko sawa, sasa nini tena?

Nimekaa chini sakafuni kufikiri, majirani wananiruka. Halafu nikaona. Joho ni jeusi tii. Lenzi inatafuta pa kushika, mahali weusi na weupe vinapokutana, na kwenye joho hapapo. Na kamera nayo, ukiiachia ijichagulie, inarukia chochote kilicho mbele. Ndivyo kipaza sauti kilivyoniponza. Basi nimeweka alama moja tu ya fokasi, na naiweka ninapotaka mimi. Nikampa karatasi nyeupe aishike kifuani. Tik! Papo hapo. Kwa hiyo silengi uso, nalenga cheti. Cheti kikiwa safi, na uso ulio juu yake utakuwa safi.

Tukafanya mazoezi. Akapokea karatasi kwa mkono wa kulia. Nikamfokea: wa kulia unampa mkuu wa chuo, wa kushoto unapokea, unakileta kifuani hapa, unatulia! Akauliza lazima wa kushoto? Lazima! Kanitazama kidogo, akasema sawa, Mama. Mtoto huyu wakati mwingine ana maswali ya ajabu.

Ijumaa, 8 Novemba

Betri zimejaa. Kioo nimefuta, nimefuta tena. Baba watoto kapiga simu kutoka kituo cha mafuta. Ameshawatangazia madereva wenzake wote, kesho watakusanyika kuiona. Nisiwe na presha, amesema. Nisiwe na presha!

Jumamosi, 9 Novemba

Ukumbini. Mbele yangu kakaa mama mwenye kofia pana kama sinia. Nimemwomba aivue. Kasema naye hakuivaa kwa bahati mbaya. Nimehamia kwenye ngazi. Naandika huku nasubiri. Safu ya Kitindamimba inasimama — basi!

Baadaye, uani, nimeegemea nguzo. NIMEMPATA! Alama juu ya cheti, tik, nikabonyeza. Nimepiga vigelegele mpaka yule wa kofia kageuka. Uso unacheka, nyusi zinahesabika, cheti kinasomeka neno kwa neno. Lenzi yangu, mama yangu, nakupenda! Nimeshaihamishia picha kwenye simu. Baba yake anapiga bila kupumua, nyuma yake nasikia madereva wanapiga honi.

Nikaikuza kidogo kabla ya kutuma. Nihakikishe tu jina halijakosewa.

Jina liko sawa. Ila chini ya jina, kwenye kidole cha mkono wa kushoto unaoshika cheti, kuna pete. Tena si ya urembo. Ya uchumba! Ina kijiwe, na kijiwe kinang'aa, na vile vimeno vinavyokishika navihesabu kimoja kimoja.

Ya nani? Tangu lini? Alisahau kuivua? Au hakusahau?

Na baba yake, ambaye mpaka leo anamwita "kichanga changu", amewakusanya wanaume wa kituo kizima kuzunguka simu moja! Nimejaribu kuikata picha. Nikikata kidole, cheti kinaondoka nacho. Nikaanza kutafuta pa kutia ukungu kidogo. Mimi! Kwa mkono wangu mwenyewe! Nikaacha.

Ndiye huyo anakuja, anapenya katikati ya watu, mkono wa kushoto kauficha ndani ya joho. Nyuma yake hatua chache kuna kijana mrefu, suti imembana, anatabasamu huku ananitazama mimi. Simjui. Yeye inaonekana ananijua vizuri tu.

Simu inaita tena. Safari hii Baba watoto anapiga ya video.