Lesiamon Hataki Kulipwa

Enguserosambu,
S.L.P. Loliondo.
15 Agosti, 2004.

Mpendwa mwanangu Nasieku,

Takwenya! Najua umeitikia hapo ulipo. Hujambo? Kile kikohozi cha baridi ya Arusha kimeisha? Bibi yako Koko Nashilu hajambo, ila macho. Mama yako mdogo Nareyu hajambo, mtoto wake anatambaa na kula udongo. Kaka yako Zablon yuko mbali na ng'ombe kwa ajili ya kiangazi, ametuma salamu. Mimi ni mzima, wasiwasi tu.

Baba yako ndiye hajasimama tangu fahali ampige pembe pajani. Kidonda hakijafunga.

Sasa nikuulize wewe unayesomea unesi, maana jambo hili sijalisikia tangu nizaliwe. Kuna mradi unampa mgonjwa hela mkononi, ajipangie matibabu yake mwenyewe. Si hospitali inayopewa, ni mgonjwa! Nilimuuliza Bwana Clemensi wa mradi mara tatu, akacheka: "Mama, hata ukiuliza mara ya nne ni hivyo hivyo."

Ila ina sheria. Lazima mgonjwa akubali kwa mdomo wake. Nesi anakaa naye wanaandika mpango, na hela inafanya yaliyoandikwa tu: gari la kwenda hospitali ya Wasso, dawa, mtu wa kumsaidia. Akitaka anachagua wa kumshikia hela. Baba yako kanichagua mimi mke mkubwa, na Nareyu kanuna siku mbili. Tumbaku hairuhusiwi. Nikauliza, na supu ya kondoo na mizizi? Akasema nesi akikubali, iandikwe. Hebu fikiri!

Halafu Clemensi akamuuliza baba yako anataka nini. Mgonjwa anaulizwa! Baba yako akasema anataka kusimama zizini awaone ng'ombe wakiingia. Na kijana wa watu akaandika vile vile.

Shida ni huyo msaidizi. Sheria inasema asiwe wa boma letu, alipwe, na aweke sahihi. Unamjua Mzee Lesiamon wa ng'ambo ya korongo, wa rika la baba yako. Ndiye anayekuja kila asubuhi kumnyanyua na kumwosha, sisi wanawake hatumwezi kwa uzito. Tukamtaja yeye. Alipopewa kalamu akasimama: "Nilipwe kumwosha mtu niliyetahiriwa naye? Mimi kibarua wake?"

Baba yako akajibu kitandani, "Na nani amlipe huyu? Kuosha kwenyewe hajui, maji yote yananiishia sikioni."

Wakacheka wazee wale, lakini kalamu haikuguswa. Kesho yake Lesiamon alikuja kama kawaida, akachungulia kwanza: "Yule wa karatasi ameondoka?"

Bila sahihi mpango haufungwi, na bila mpango hakuna gari. Mguu umeanza kunuka, mwanangu. Clemensi anarudi tarehe tatu Septemba. Tukishindwa, nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Mgeni alipwe amguse? Baba yako amekataa kabisa. Nilitaka hata nibonyeze dole gumba langu pale pa Lesiamon, nikaogopa.

Nikamuuliza Clemensi kwa nini lazima alipwe. Akasema ni ili awajibike, asiache kuja. Nimeliwaza hilo sana. Huyu mzee hajalipwa kitu, na tangu siku ya fahali hajakosa asubuhi hata moja. Sasa waulize walimu wako: sheria inaweza kumkubali msaidizi asiyetaka malipo, aandikwe jina tu, na fungu lake liongezwe kwenye gari? Au ni nani mwenye uwezo wa kuilegeza, nimfuate hata kwa miguu?

Baba yako anakusalimu, Koko anakutemea mate ya baraka, Nareyu naye. Msalimie Nanyori mnayelala naye chumba kimoja. Engai akufunike popote unapokanyaga.

Usinijibu kwa maneno mengi kama haya yangu. Andika tu inawezekana au haiwezekani, umpe barua kondakta wa basi la Wasso aiache dukani kwa Verediana. Kila siku ya basi nitakuwa nimekaa pale mlangoni.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza kila nikikamua,
Naishorua Ngoitiko