Sahani ya Kupimia Tope

Lowarengak, Ziwa Turkana

Dada Mshai, ejok! Huku ndiyo salamu.

Kila setilaiti inapopita, mimi huzamisha sahani nyeupe ziwani nione inapotelea kina gani, ndipo tujue kama tope la kwenye picha zake ni la kweli. Leo nimekuta Mama Akiru, mwenyeji wangu, amenipakulia samaki juu ya sahani hiyo.

"Kila siku unaosha sahani bila chakula," akanihurumia. "Kula!"

Nikala mbiombio, nikakimbia kuizamisha ikinuka mafuta. Samaki wakaivamia, wakavuruga tope, nisione kitu.

"Ona, wanakuoshea!" akafurahi Mama Akiru kutoka ufukweni.

Nikaidanganya ofisi yetu mjini Lodwar kwamba mawingu yaliziba setilaiti. Sasa Lodwar nzima inangoja mvua. Niombee inyeshe, dada yangu, na umbusu Mama.

Mdogo wako, Mwakio