Faili la Somo Ambalo Sikulifungua

Somo yangu Mwanaidi,

Unajua mimi si mwoga wa hivi hivi. Yule nyoka aliyeingia stoo ya dawa nilimuua mimi kwa ufagio, wewe umepanda juu ya meza unapiga mayowe, mtaalamu mzima wa kompyuta za hospitali. Lakini juzijuzi nimeliona jina lako likifanya kazi, Somo, nikaogopa.

Tangu tukuzike, chumba chako cha kazi hatujakigusa. Kanga yako bado iko kwenye mgongo wa kiti. Mama yako alisema, "Vya maiti haviguswi mpaka arobaini ipite," na hospitali nzima tukaitikia. Nani angethubutu kulifuta jina lako na udongo bado mbichi? Basi hata akaunti yako ya mtandao tuliiacha vilevile, na neno lako la siri lilelile. Tulimwachia mwizi mlango wazi, tukauita heshima.

Akaingia. Kutokea wapi, sijui mpaka leo. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba Mwanaidi ameingia, na hakuna aliyeshtuka, maana Mwanaidi mwingine nipo. Ndiyo kawaida yetu, anaitwa mmoja tunaitika wawili. Ila mimi nimesajiliwa Mwanaidi2, na wewe jina tupu. Asubuhi ile nilikuwa nakunywa chai, macho kwenye kioo cha kompyuta, nikaona jina tupu limeingia kwenye kompyuta ya maabara. Nilisoma Ayatul Kursiy mpaka chai ikapoa.

Mwanzo nilikuogopa wewe, unisamehe. Kisha nikaogopa zaidi, maana maiti hana haja na kompyuta ya maabara.

Nikakumbuka siku zangu za kwanza kazini, ulivyonishika kidole ukakigandamiza kwenye wino wa mapokezi, kisha kitabuni, kando ya dole gumba lako. Ulisema, "Jina tumepewa na wazazi, hata mwizi anaweza kujiita Mwanaidi. Dole gumba langu hawezi kuwa nalo." Ndipo ukanionyesha kwamba na faili lina alama yake. Ukilipitisha kwenye ile programu ya kupimia, linatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, wenye kazi yao huuita heshi, na ukibadilisha nukta moja tu ndani ya faili, mstari wote unakuwa mwingine. Mimi nikakujibu kwamba umeniharibia kucha. Leo natamani hata wino ule usingetoka.

Nikaitoa diski yako, ile isiyoandikika mara ya pili, yenye alama za programu zetu zote ulizozichukua zikiwa mpya. Nikaanza kulinganisha. Programu ya majibu ya maabara ilikuwa na jina lilelile na picha ileile, lakini alama siyo. Nikaitafuta alama hiyo ngeni kwenye orodha ya virusi vinavyojulikana, jibu likaja palepale: hiki ni kirusi kinachofunga mafaili yote, kisha kinadai fidia. Kilikuwa kimelala, kinangoja kuamshwa.

Somo, nilikimbia. Maabara, duka la dawa, wodi ya wazazi, kote nachomoa nyaya. Zahanati za Vigwaza na Makurunge nikazipigia simu nao wachomoe. Daktari mkuu alinifokea kwamba nimerukwa na akili, nami nikamfokea yeye, tukafokeana mbele ya wagonjwa. Mimi nilikuwa namwona yule mama wa Kiwangwa aliyeletwa kwa bodaboda anavuja damu, tukamuwahi kwa sababu kundi lake la damu lilikuwamo kwenye kompyuta. Kama angeletwa siku ambayo kila faili limefungwa, tungemwambia nini mumewe?

Kirusi tulikikuta kwenye mashine chache, alhamdulillahi, na zote ilibidi zifutwe zijazwe upya siku ileile, kwani mabenchi yalikuwa yamejaa watu. Yako, nayo ikiwamo, niliiacha ya mwisho. Na humo ndimo nilimokuta faili dogo la programu, jina lake "Kwa Somo".

Unaikumbuka Ijumaa yako ya mwisho? Ulikuwa unajitanda mtandio, kichwa kinakuuma, ukaniambia, "Nimekuwekea kitu kwenye mashine. Jumatatu utacheka." Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, matangani kwako.

Nikalipima. Alama yake haikuwamo kwenye diski yako, wala haikuwamo kwenye orodha ya virusi. Tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa ile, lakini tarehe mwizi huandika atakayo. Na jina je? Aliyekaa ndani ya akaunti yako kasoma barua zetu zote, anajua tunavyoitana. Kama angetaka kunitegea mimi, angeandika nini kingine? Kutojulikana si usafi, mwenyewe ulinifundisha. Kirusi kipya hakina rekodi, sawa na mwizi ambaye hajawahi kushikwa.

Flashi ilikuwa mkononi. Nilitaka nilinakili, nikalifungue pembeni kwenye kompyuta isiyo na mtandao, nikuone hata mara moja. Lakini nikayakumbuka maneno yako: "Usilolijua alama yake usilifungue, wala usilibebe." Na flashi yenyewe ndiyo ileile ninayoipeleka wodi ya wazazi. Nililia kwa sauti mbele ya Daktari mkuu. Kisha nikaifuta mashine yako, yote.

Jioni nilimwendea mama yako kumwambia kwamba akaunti yako naifunga, na arobaini bado. Niliogopa atanilaani. Akasema, "Mfungie mwanangu mlango, asije akasingiziwa." Nikaifunga.

Nilichobaki nacho ni alama ya faili lile tu. Niliiandika kwa kalamu kabla ya kufuta, imo kwenye mkoba wangu. Alama hairudishi faili, Somo, kama vile dole gumba lako kwenye kile kitabu cha mapokezi halinirudishii wewe. Lakini orodha ya virusi huongezwa kila wakati. Siku alama hii ikitokea humo, nitajua faili lile lilikuwa mtego. Isipotokea, huenda nilikufuta wewe. Sijui kipi naogopa zaidi.

Basi nakuahidi mawili. Mashine zetu nitazipima kwa diski yako kila Jumatatu, hata wakiniita mwehu. Na baada ya hapo nitaitafuta alama ile, huku namwomba Mungu nisiikute. Pumzika, mwenzangu, Mola akupanulie kaburi na akutie nuru humo.

Jumatatu hii nimeitafuta, sikuikuta. Nimecheka kidogo, kama ulivyosema.

Somo yako,
Mwanaidi wa pili