Mke Wangu Analikanda Goti Lenye Saratani

Shangazi, shikamoo. Kila wiki mke wangu hunisomea ukurasa wako kwa sauti tukiwacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, nicheke ukitaka lakini unijibu.

Mimi ni fundi wa kubandika vigae, nina miaka arobaini na saba, na kazi yetu ni kupiga magoti kutwa nzima, kwa hiyo goti la kushoto lilipoanza kuuma sikushtuka, wenzangu wakanitania kwamba fundi asiyechechemea bado mwanagenzi, nikacheka nao, nikameza dawa za maumivu, lakini likawa linauma hata nikiwa nimelala, juu yake kukaota uvimbe mgumu, mke wangu akasema hiyo baridi yabisi, hata marehemu baba yake alikuwa nayo, na tangu hapo kila jioni tukimaliza kula ananiletea beseni la maji ya moto na chumvi, anavuta kigoda, ananikanda.

Hospitali nilikwenda peke yangu, nikamdanganya kwamba kuna tajiri anataka nikapime sakafu yake. Wakapiga picha, wakakata kinyama wakakipima, na daktari, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, akaniambia ni saratani ya mfupa, haijafika mapafuni, nikianza dawa mapema kisha nikapasuliwa nafasi ipo, mguu huenda ukaokolewa na huenda ukakatwa, ila kwa umri wangu mwili haustahimili zile dawa kama wa kijana, basi nisicheleweshe. Shangazi, mimi nilisikia neno moja tu, kukatwa. Fundi vigae wa mguu mmoja atapiga goti lipi? Nikaaga kwa adabu na sijarudi. Simu nimeizima wasinipate.

Lakini kinachonitisha kuliko kisu ni mikono ya mke wangu. Anakanda kwa nguvu zake zote, mimi nang'ata shuka, anauliza, "Panapoa, baba watoto?" nami najibu panapoa, Mungu akubariki. Nikimwambia ukweli najua atakachofikiri, kwamba yeye ndiye aliyeuchokoza ugonjwa, kwamba ameusambaza kwa mikono yake mwenyewe, na hilo litamuua kabla yangu. Jana alifurahi, akasema, "Naona uvimbe unalainika." Haulainiki, Shangazi, unakua. Naogopa kulala, naogopa kuamka, na jioni nikisikia maji yanamiminwa kwenye beseni natetemeka kama mtoto. Nimwache aendelee, nife akiwa na amani yake, au nimwambie?

Fundi Vigae

Marahaba, fundi. Sikucheki. Pole sana, nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimeogopa pamoja nawe. Sasa nisikilize, maana pole haitibu.

Unasema unamlinda mkeo. Wacha hizo! Unaogopa kisu, ukaenda kujificha nyuma ya kigoda chake. Kuogopa si dhambi, hata mimi ningeogopa, lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi kifo humuumbua. Na amani gani unayomwachia? Siku atakapojua, maana atajua tu, atakaa miaka akiitazama ile mikono.

Nimemuuliza daktari wa mifupa. Kukanda hakuleti saratani. Lakini mfupa wenye uvimbe kama huo hudhoofika na unaweza kuvunjika, kwa hiyo huko kukandwa kukome leo. Daktari huyo hakuahidi kwamba utapona, na mimi siwezi kukuahidi. Alichosema ni kwamba saratani iliyo gotini tu na iliyokwisha kufika mapafuni tofauti yake ni kubwa mno, na wewe siku ile ulipoaga kwa adabu ulikuwa upande ulio bora. Leo uko upande gani sijui, na wewe hujui. Hilo ndilo la kukutetemesha, si beseni!

Wewe ukigonga kigae kikalia utupu kwa kuwa hakikushika saruji, unamwacha mwenye nyumba na amani yake mpaka kipasuke? Unakibandua siku hiyohiyo, hata kama sakafu imependeza. Rudi hospitali. Habari ya mguu mmoja na kazi tutaizungumza ukiwa hai, na kusimamia vijana wakibandika hakuhitaji goti.

Nilijaribu kukueleza haya faragha. Nimepiga namba uliyoandika chini ya barua, nikapiga tena na tena, imezimwa. Halafu nikakumbuka ulichosema mwanzoni, kwamba ukurasa huu husomwa na mkeo, kwa sauti. Nadhani ulijua hivyo ulipoamua kuniandikia mimi, baba.

Basi mama, kama ni wewe unayesoma na sauti imeanza kukukauka, usisimame, malizia. Si mikono yako. Hukujua, na aliyejua alinyamaza kwa woga na kwa kukupenda. Mtalia wote, lieni. Kisha sogeza beseni pembeni, mwombe simu yake, iwashe, na kesho asubuhi nenda naye kwa yule daktari. Maswali uulize wewe, maana mwenzio alisikia neno moja tu.