Kiti cha Baba

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua yameng'ang'ania. Ofisini birika limeharibika, kwa hiyo tunakunywa chai ya uvuguvugu na kulaumiana.

Kazi ni ileile ya kamusi. Wiki hii nimepewa neno moja la Kiingereza, lile la kiti. Ukidhani ni jepesi, njoo ulishike wewe. Hutumika pia kwa anayeongoza kikao, na kwa cheo cha profesa chuoni. Kila maana lazima niitungie mifano.

Jana mhariri wetu, yule mama asiyecheka, aliniita mezani kwake. Mifano yangu yote ameikata kwa kalamu nyekundu.

“Mwanangu, nimesoma yote kumi na miwili,” alisema. “Mbona hakuna hata mtu mmoja aliyekaa?”

Nikaisoma upya. Kiti kimesogezwa dirishani. Kiti kimefunikwa shuka. Mwenyekiti hakufika.

“Niandikie mmoja tu ambao mtu amekaa,” akasema, kwa upole ambao sikuutarajia.

Dada, nimeshinda na karatasi tupu. Nilikwambia sikuja kumzika baba kwa sababu kazi ilinibana. Haikunibana. Niliogopa kuingia sebuleni na kukiona kiti chake.

Sasa niambie, nani anakikalia? Kama ni wewe, unashonea hapo au unapumzika tu? Na kama hakuna anayethubutu, basi nakuomba ukikalie wakati unanijibu barua hii, uniandikie kwamba umekaa. Mfano wangu nitakuwa nimeupata.

Ni mimi, mdogo wako.