Majani ya Mpera ya Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kanipa hadi Ijumaa. Bila matokeo, meza yangu ya maabara anapewa mwingine, nami naanza mada mpya. Miaka miwili! Niache kutengeneza chembe nano, ndogo zisizoonekana kwa macho, za madini ya fedha kwa majani ya mpera, bila kemikali kali, za kuua bakteria wa vidonda? Thubutu! Nimempigia mama mdogo aniletee majani ya mpera wake. Kesho asubuhi, kasema, na nisisahau kula.

Jumanne, 5 Machi
Majani yamefika yanang'aa. Nikachemsha, nikachuja, nikatia nitreti ya fedha. Nilingoja rangi ya kahawia, ishara ya chembe – nikapata tui! Jeupe pepepe. Mara tatu. Fundi wa maabara kachungulia, kauliza kama nimefungua mgahawa. Nilicheka, ila roho mkononi.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia tena mama mdogo. Nikamuuliza, majani uliyaoshaje?
Kajibu kwa fahari: "Niliyaloweka kwenye maji ya chumvi, mwanangu. Ningewapelekea wasomi majani yenye wadudu?"
CHUMVI! Fedha ikikutana na chumvi inageuka unga mweupe, hata wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi na shahada zangu sikuuliza. Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye kacheka, hajui tunacheka nini. Nilipomweleza, kasema: "Basi naleta mengine. Hayo nitayaosha kwa maji matupu, na wadudu wako shauri yako." Mchana kayaleta.
Saa tisa: njano. Saa tisa na nusu: chai ya rangi. Saa kumi: KAHAWIA! Nimemkumbatia fundi. Maskini, hakujua aweke wapi mikono.

Alhamisi, 7 Machi
Mashine imethibitisha, chembe zipo. Sahani za bakteria zimeingia kwenye kabati la joto wakue: upande huu chembe zangu, upande ule maji ya majani peke yake. Subira yavuta heri. Yangu imekwisha saa nne.

Ijumaa, 8 Machi
Profesa kafungua sahani mwenyewe. Kwenye maji ya majani, bakteria wamejaa tele. Kwenye chembe zangu – duara safi! Kaomba rula. Kapima. Kapima tena. Kamwita fundi naye apime. Hakunipongeza, hakutaja meza. Kasema tu: "Jaribio lirudiwe mara tatu. Majani zaidi yatapatikana lini?"
Nimetoka mbio kumpigia mama mdogo. Kapokea jirani yake. Mama mdogo hawezi kushika simu, kasema, yuko kwenye ngazi mperani tangu asubuhi, gunia la pili la majani linakaribia kujaa, na anauliza nimechelewa wapi kupiga.